Mstaafu Asiyeondoka

Kuna watu wanaagwa kwa keki na zawadi ya saa ya ukutani, kisha Jumatatu unawakuta ofisini. Hercule Poirot, mpelelezi wa hadithi, aliingia vitabuni mwaka 1920 akiwa tayari askari mstaafu kutoka Ubelgiji, kichwa mfano wa yai, masharubu yamekolea nta. Agatha Christie, mwandishi wake, hakupiga hesabu ya umri. Akakaa na mzee huyo miaka 50 na ushei.

Kumchoka alimchoka, wala hakuficha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alimwandikia kifo, mswada akaufungia. Hebu fikiria: mgeni yuko sebuleni anadai chai ichujwe upya, na sanda yake iko kabatini, imeshapigwa pasi. Lakini mgeni ndiye mlipa kodi ya nyumba. Umfukuze kwa kauli gani?

Kitabu hicho, Curtain, kilitoka 1975. The New York Times ikampa Poirot tanzia ukurasa wa mbele, heshima ambayo majirani zetu wengi hawataipata. Januari iliyofuata Christie mwenyewe akafariki.

Marehemu Poirot alirudi kazini 2014, kwa kalamu ya Sophie Hannah na baraka za warithi wa Christie.