Sifa za Bolti Iliyogoma

Siku hizi mpangaji huhama usiku na mheshimiwa huhama chama mchana. Ni nani basi amebaki mahali alipowekwa? Nasimama kuisifu bolti ya ekzosi ya pikipiki, ile inayoshika shingo ya bomba kwenye silinda hedi. Ikikaa pale miaka miwili mitatu, haimsikilizi tena fundi, wala spana, wala mwenye chombo.

Tuanze na nasaba. Bolti ni chuma, hedi ni aluminiamu: ndoa ya mseto. Injini ikipata moto, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikipoa, wote hurudi. Moto, baridi, moto, baridi, abiria wawili na gunia la mkaa, kutwa nzima. Ongeza hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa. Metali mbili tofauti zikiloweshwa maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo baina yao, aluminiamu ikaliwa polepole, unga mweupe ukajaa kwenye nyuzi za bolti. Hapo hakuna kadhi wa kuwaachanisha.

Na adabu inayofundisha! Kijana wa kifua akija na spana aliyoirefusha kwa bomba, bolti humjibu neno moja: tak! Kichwa mkononi mwake, kiwiliwili ndani ya hedi. Fundi mzee haingii hivyo. Jioni huimwagia mafuta ya kulainisha kutu, akaenda zake kulala. Asubuhi huigonga kichwani taratibu. Ikiwa bado imenuna, huyafuta mafuta, huondoa tangi la petroli, kisha hupasha moto hedi, si bolti, maana aluminiamu ndiyo itakayotanuka zaidi na kuachia. Halafu huikaza kidogo kabla ya kuifungua, kama ishara ya heshima. Mabalozi hupokelewa kwa itifaki fupi kuliko hiyo.

Uchumi je? Bolti moja ikikatika hula mwenye drili, mchomeleaji, muuza tapu, na mama ntilie anayewauzia chai wanaosubiri. Bolti inayofunguka kwa dakika moja inamlisha nani?

Wapo wanaomtetea ndugu yake, bolti inayojilegeza. Mzururaji yule! Anashuka njiani bila kuaga, mzigo anamwachia jirani. Mwaka 1969 Gerhard Junker wa Ujerumani alionyesha kwamba kinachomtorosha zaidi ni mtikisiko wa ubavuni, vipande viwili vikiteleza kimoja juu ya kingine. Vikibanwa vya kutosha havitelezi, na safari yake inaishia hapo. Washa ya springi, ambayo vijiwe vyote vinaiapia, humzuia kidogo sana.

Sasa niwataje wabaya wetu. Wa kwanza ni yule anayepima mkazo. Bolti ya milimita 6 kwenye kava la injini mara nyingi hutosheka na nyutonimita 10 hivi, kazi ya kiganja, naye anakubali kuishia hapo badala ya kuning'inia kwenye spana kama wanaume wengine. Wa pili huja na tone la gundi ya nyuzi, balaa lililobuniwa na Vernon Krieble wa Marekani mwaka 1953. Ya buluu humtuliza mzururaji lakini humwachia spana ikija. Nyekundu angalau ina msimamo, hudai moto kwanza. Kwenye ekzosi lakini zote mbili hazifai, joto huzimaliza.

Mbaya kuliko wote ni mwenye grisi ya shaba. Husugua nyuzi kwa brashi ya waya, akapaka kidogo, akakaza kwa nguvu pungufu kwa kuwa nyuzi zilizopakwa huteleza na bolti huvutika kupita kiasi. Mtu wa namna gani huyu, anayepanga talaka siku ya harusi? Bahati nzuri, kijiweni kwetu brashi ya waya iliazimwa na mchoma nyama kusugulia wavu wake, na hana dalili ya kuirudisha.