Masomo Matatu kwa Karo Moja

Mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu ulioanza nchini Kenya mwaka 2023, yaani utaratibu wa kugawanya gharama ya kozi kati ya ruzuku ya serikali, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na mfuko wa mzazi kwa kadiri ya uwezo wake, umewapa wachuma maua wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, heshima wasiyoitarajia: sasa wanaonyeshwa bei kamili ya shahada, ambayo kwa miaka mingi ilijisitiri nyuma ya karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka.

Bei ikishatajwa, mnunuzi hutaka kukagua bidhaa, na hapo ndipo ukarimu wa vyuo vya umma unapodhihirika, kwa kuwa aliyelipia muhula wa masomo huongezewa, bila kudaiwa senti, wiki kadhaa za mapumziko wahadhiri wanapogoma, kama walivyogoma mwaka 2025 wakidai malimbikizo, yaani malipo waliyoahidiwa na yasiwafikie.

Itakuwa dhuluma, basi, kusema kwamba karo haina faida. Mzazi wa Kamere amefundishwa uchumi kwa kupangwa katika daraja la uwezo asioujua, amefundishwa subira na migomo, na amefundishwa sheria tangu Mahakama Kuu ilipoutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikausitisha uamuzi huo. Na yote hayo ameyahitimu ilhali aliyesajiliwa chuoni ni mwanawe.