Muulize Mjomba Plagi: Gari Linamisi, Jirani Kasema Nimerogwa

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Bwiru. Nina Corolla ya mwaka 1993, injini ya 5A. Nalitoa Jumapili kwenda kanisani na siku za harusi. Sasa nikiliwasha asubuhi linakohoa na kutetemeka kama lina homa, ikifika saa nne limetulia. Fundi wa kwanza kabadilisha pampu ya mafuta, wa pili betri, wa tatu anataka ninunue injini ya mtumba. Jirani kasema nimerogwa. Nimsikilize nani?
*Mstaafu, Bwiru*

Marahaba, Mwalimu. Jirani usimchukie, katika hao wanne ni yeye tu ambaye hajakutoza hela. Na mchawi wako namfahamu, ni unyevu wa ziwa. Gari likilala wiki nzima karibu na maji, unyevu unaingia kwenye kofia ya distribyuta. Kofia ikiwa na ufa, au nyaya za plagi zikiwa zimechoka, umeme unavujia pembeni kabla ya kuifikia plagi. Jua likipanda na injini ikapata moto, panakauka, gari linatulia, nawe unadhani sala imejibiwa.

Usiku zima taa za uani, fungua boneti, mtu awashe injini. Usiguse kitu, tazama tu. Ukiona cheche za buluu zinatambaa juu ya nyaya, mchawi umemwona kwa macho. Usipoziona, mwite fundi asubuhi gari likiwa bado linamisi. Injini ikiunguruma, achomoe soketi ya nozeli moja, asikilize, airudishe, aende inayofuata. (Asichomoe waya wa plagi, utamrusha.) Silinda nzima ikikatiwa mafuta, mlio unalegea. Mbovu ikikatiwa, hakuna kinachobadilika, maana tangu mwanzo ilikuwa haifanyi kazi.

Sasa zima injini, plagi ya silinda hiyo ihamishiwe ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nunua plagi, kazi imekwisha. Ukibaki palepale, hamia kwenye waya, kisha kofia, kisha nozeli. Na plagi usiitupe kabla ya kuisoma. Ikiwa na masizi makavu, cheche ni hafifu au petroli imezidi. Ikilowa petroli, cheche haifiki. Ikiwa na oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Ikitoka nyeupe, imesafishika kuliko wenzake, chungulia rejeta: huenda maji yanapenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Hata hapo, injini ya mtumba bado iko mbali.

Na kwa kuwa mafundi watatu wameshapita humo, hakikisha nyaya zilirudishwa kwa mpangilio wake, 1-3-4-2. Mbili zikibadilishana nafasi, utafukuza mchawi mpaka Krismasi.

Mjomba, mume wangu anafanya kazi Dar. Kakataza Mark II yake isitoke getini. Kila Jumamosi naiwasha dakika tano kama alivyoagiza, na sasa imeanza kumisi. Nitamwambia nini?
*Mama Mwenye Nyumba, Nyegezi*

Mwambie dakika tano ndizo zinazoliua. Injini ikiwa baridi inamwagiwa petroli nyingi, na wewe unaizima kabla haijapata moto. Plagi zinabaki na masizi, maji yanabaki kwenye bomba la moshi, na betri hairudishiwi ilichotoa wakati wa kuwasha. Petroli nayo ikikaa miezi inapoteza makali na kuacha utando kwenye nozeli, na tangi lililo karibu tupu linatoa jasho kwa ndani.

Toa petroli ya zamani, weka mpya, plagi zisafishwe. Gari likikataa kutulia usilitoe, maana petroli isiyoungua itachoma masega kwenye bomba la moshi, nayo ni ghali. Likitulia, vuka Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo, nenda Sengerema, rudi. Tangu Juni 2025 kisingizio cha foleni ya kivuko hakipo tena. Fanya hivyo kila wiki mbili. Kuhusu ruhusa ya getini, mimi ni mjomba wa magari, ndoa zina safu yake.

Mjomba, nauza gari linalomisi likiwa baridi tu. Rafiki kanishauri nilipashe moto kabla mnunuzi hajafika. Ni dhambi?
*Mjasiriamali, Igogo*

Wewe sina la kukujibu. Namjibu mnunuzi wako, kwa kuwa naye husoma safu hii. Ndugu, ukifika Igogo weka kiganja juu ya boneti kabla ya kusalimia. Ukikuta ni ya moto, kaa kivulini, agiza chai kwa hela ya mwenye gari, na usiwashe injini hiyo mpaka ipoe kabisa.