Mshauri wa Meza: Mgeni Anayelipa Bili

Mshauri, mimi ni mhasibu wa shirika moja hapa Thongpiny. Bosi ametualika Kigali, kwenye mgahawa ambao nasikia hupewi orodha ya kuchagua chakula. Unaletewa tu, sahani kumi na kitu, kila moja na kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Je, nile ugali kwanza? – Mwenye Njaa ya Mapema

Mshauri, nilisomea upishi Nairobi na sasa nimerudi nyumbani. Nataka kufungua mgahawa wa namna hiyo hapa Juba: meza sita, kisra, kombo na samaki mkavu wa Terekeka, vyote kidogokidogo, kwa dola. Ndugu zangu wanasema nimerogwa. – Binti wa Hai Cinema

Mshauri, mke wangu ametazama video za wapishi wa Ulaya. Juzi alinipa bamia tatu kwenye sahani pana kama ungo, mchuzi ameuchora kwa kijiko. Nifanye nini? – Baba Watoto, Gudele

Barua tatu, ugonjwa mmoja. Nyote mnahangaika na ukubwa wa tonge, ilhali tonge halina kesi. Sahani kumi na tano ndogo, ukizijumlisha na mkate unaopitishwa katikati, ni mlo kamili. Isitoshe, huliwa kwa muda wa saa tatu, na tumbo linalolishwa polepole hupata nafasi ya kujua kwamba limeshiba. Kigeni katika menyu ya kuonja ni kwamba mlaji ananyang'anywa uchaguzi. Hasemi anataka nini, hapangi kipi kitangulie, haombi pilipili kabla haijaletwa. Anakaa, anangoja, anashukuru. Hali hiyo sisi tunaijua vizuri sana: ni hali ya mgeni. Hakuna kambi ya ng'ombe ya Wamundari wala nyumba ya Kator ambako mgeni hukabidhiwa orodha ya vyakula ili aweke alama. Anakula kilichoiva, kwa zamu anayoijua mwenyeji. Kwa hiyo ninachodai ni hiki: migahawa hii inauza ugeni, na mahali pa haki pa kuipima ni kwenye wajibu wa mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji anapona kwa bili, na anayelipa ana haki ya kudai ukarimu uliokamilika.

Mwenye Njaa, basi usile ugali. Anayekwenda kwa watu ameshiba amekwisha kuwahukumu kabla ya kubisha hodi, na kufikia sahani ya nane utakuwa unahesabu vigae vya dari. Lakini usiende kibubu pia. Siku kadhaa kabla, waambie kama huli nguruwe, kama karanga zinakudhuru, kama umefunga. Jiko lisilompa mtu uchaguzi lazima lijue mapema mwili wa mtu huyo unakataa nini, na jiko linalokereka kwa swali hilo halifai kupewa pesa. Ikiwa bosi anawapeleka Meza Malonga, mnakwenda kwa Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville aliyelelewa Ujerumani, ambaye alizunguka nchi nyingi za Afrika akikusanya viungo na maarifa ya wapishi wa nyumbani kabla ya kuweka meza Kigali. Mhudumu akisimama kueleza kilichomo sahanini, msikilize, kisha muulize kimetoka shamba gani. Ni swali la adabu. Bila shaka kuna watakaosema kwamba mteja asiyechagua amejishushia heshima yake. Mbona mteja huyohuyo, akienda kwa fundi cherehani hodari, anapeleka kitambaa na kuacha mkato kwa fundi? Kumwachia mjuzi aamue si unyonge, mradi mjuzi awe mjuzi kweli. Kama si mjuzi, utajua kufikia sahani ya tatu, na kosa litakuwa la aliyealika.

Binti wa Hai Cinema, wewe ndiye mwenye kazi ngumu, nami sitakudanganya. Chukua mifano mikubwa. El Bulli ya Ferran Adrià, kule Katalunya, ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kula povu na matone ya mchuzi yaliyogandishwa nje yakabaki maji ndani. Ilifunga meza zake tarehe 30 Julai 2011, wiki tatu baada ya bendera yetu kupandishwa hapa Juba, na katika miaka yake ya sifa ilibebwa na vitabu na kazi za ushauri zaidi ya bili za walaji. Noma ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kutajwa mara tano kuwa mgahawa bora duniani, kwa miaka mingi ilitegemea wanagenzi wasiolipwa. Ilianza kuwalipa mwishoni mwa mwaka 2022, na Januari 2023 mwenyewe René Redzepi akatangaza kwamba mtindo ule wa biashara haubebeki tena. Hesabu ya hayo majabali ya Ulaya ilisimama juu ya mikono ya bure. Ukianza kwa kumwambia binti wa shangazi yako akuoshee vyombo bila mshahara "ili ajifunze", utakuwa umeiga ubaya wao kabla ya ufundi wao. Mwenyeji anayemnyima aliye jikoni hawezi kujiita mkarimu sebuleni. Weka mshahara kwenye bei tangu siku ya kwanza, na ikiwa bei hiyo haina mnunuzi Juba, basi ndugu zako wamekuokoa.

Ndugu wana hoja nyingine, nadhani ndiyo inayowauma: kisra ni chakula cha kila siku, sokoni Konyokonyo inauzwa, nani atailipia dola? Jibu linalopendwa ni kujisifu kwamba bibi zetu walichachua vyakula kabla ya Wadenmaki kujenga maabara ya kuchachua. Ni kweli. Mwaka 1993 Hamid Dirar alichapisha kitabu kizima juu ya vyakula vya kuchachuliwa vya Sudan, wakati Noma ilikuwa haijazaliwa. Lakini utangulizi wa bibi si sababu ya kumtoza mtu dola. Kisra ya sokoni ni nzuri, na ni nafuu. Unachoweza kutoza ni mpangilio, yaani kile ambacho mwuzaji mwenye foleni mbele yake hana nafasi ya kukifanya. Uji wa mtama uliochachuka usiku mmoja na uliochachuka siku mbili hautoi kisra moja. Ile ya pili ina ukali unaobadilisha hata mchuzi. Ziweke zote mbili mbele ya mlaji, zimepakwa kwenye bamba moja la moto, nyembamba kama karatasi, moja baada ya nyingine. Samaki wa Nile mbichi, kisha samaki huyohuyo aliyekaushwa juani. Mboga za kombo kwa karanga za kusaga, kisha mboga zilezile kwa mafuta ya lulu, yaani shea. Mtu aliyekula vitu hivi tangu utoto hajawahi kuvionja vikiwa vimesimama bega kwa bega, kwa sababu nyumbani chakula hupikwa kilichopo. Hapo menyu ya kuonja inafanya kazi ambayo sinia haliwezi, na sioni kazi nyingine inayoihalalisha. Povu waachie wenyewe.

Kwamba wapo wanaolipia ladha ya nchi hii kwa kipimo kidogo, tayari tuna ushahidi. Mwaka 2015 Nespresso ilianza kuuza Ufaransa kahawa ya wakulima wa Yei, imefungwa ndani ya vikopo vidogo vya alumini, kila kimoja kikombe kimoja tu. Iliuzwa. Kilichoizima ni vita, baada ya mapigano ya mwaka 2016 kufika Yei na wakulima kukimbia. Wateja hawakuwa wameikinai. Uyaweke yote mawili kwenye daftari lako la biashara, soko na bunduki.

Sasa hoja nzito, ambayo hakuna mzaha unaoweza kuiondoa. Februari 2017 njaa ilitangazwa rasmi katika kaunti za Leer na Mayendit, na mpaka miaka ya karibuni zaidi ya watu milioni 7 nchini wamekuwa wakikosa chakula cha kutosha. Watumishi wa serikali hukaa miezi bila mshahara. Je, ni halali kuchora mchuzi kwa kijiko katika mji kama huu? Wenye haraka watasema hapana, kisha watakwenda kwenye hoteli ya kando ya mto kula baga ya nyama iliyogandishwa ng'ambo, kwa dola hizohizo, bila dhamiri kuwauma. Anasa imekwisha kuingia Juba na haikungoja sahani ndogo. Tofauti iko kwenye njia ya pesa. Tangu barabara ya Nimule iwekwe lami mwaka 2012, kilomita 192, sehemu kubwa ya nyanya, mayai na vitunguu vinavyoliwa hapa hupanda malori Uganda. Mgahawa wako ukinunua huko na kwenye ndege za Dubai, utakuwa mwenyeji anayemkaribisha mgeni kwa chakula cha jirani, na lawama itakuwa halali kabisa. Ukinunua samaki kwa wavuvi, mtama kwa mkulima aliyevuna, lulu kwa akina mama wanaoikamua, na ukalipa siku hiyohiyo, utakuwa na utetezi. Haufuti njaa ya Leer. Meza sita hazijawahi kulisha kaunti, na usimruhusu mfadhili yeyote akuandikie kwenye bango kwamba zinalisha. Ni utetezi wa duka dogo linalolipa madeni yake, na hapa mjini hilo si jambo dogo. Anza na meza mbili, Ijumaa na Jumamosi tu, kabla hujanunua jenereta ya pili.

Baba Watoto, wewe nimekuweka mwisho kwa sababu kesi yako ni nyepesi. Yote niliyosema yanamhusu mgeni, na wewe nyumbani kwako si mgeni. Hujalipa bili na hukukaribishwa na mtu. Mama watoto amejaribu ufundi, nawe badala ya kumwambia kama bamia zilikuwa tamu umemwandikia mshauri wa gazeti. Mwambie. Kisha, kama bado una njaa, sufuria liko jikoni na mwiko umo ndani yake.