Shukrani za Mbuzi wa Kiamaiko

Mahali: Huruma, Nairobi, pale inapopakana na Kiamaiko, mbele ya ploti ya ghorofa saba. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Watu wanashuka matatu za Juja Road wakiwa na njaa na shilingi hamsini ya mwisho.

Wazungumzaji:
SUFURIA wa githeri, mweusi mgongo mzima, anayejiona mzee wa mtaa.
BIRIKA wa chai, mama wa makamo, mwenye sukari nyingi na maoni machache.
TOROLI wa smokie na mayai, kijana, gurudumu moja bovu.
MBUZI jike, aliyeteremshwa kwenye lori la kutoka Marsabit akielekezwa kichinjioni, akapotea njia kwa makusudi.

SUFURIA: Hebu tazameni hiyo foleni. Vijana wanane wako kwa Toroli. Kwangu yuko mzee mmoja, naye anauliza kama nakopesha. Kizazi hiki kimekwisha. Sisi githeri ndiyo iliyotulea, tukalima, tukajenga, tukapigania uhuru.

TOROLI: Shosho, tulia. Wewe ulinunuliwa Gikomba juzi tu. Uhuru gani ulipigania?

SUFURIA: Nasema kwa niaba ya ukoo. Mahindi na maharagwe ni chakula cha asili, chakula cha mababu.

MBUZI: (akitafuna ganda la kiazi) Mababu wa nani?

SUFURIA: Huyu naye ameitwa na nani?

MBUZI: Nimeitwa na harufu. Nauliza tu, Mama Githeri. Mahindi yalifika pwani yetu na Wareno, yakitoka Amerika. Maharagwe yako nayo asili yake ni hukohuko. Babu wa babu yako alikula mtama, wimbi na mawele. Mahindi meupe yalikuja kutawala karne iliyopita tu, kwa mashamba ya walowezi na kwa posho ya unga aliyopimiwa kibarua.

SUFURIA: Hata hivyo, miaka mia si haba.

MBUZI: Si haba kweli. Basi mvumilie Toroli miaka mia, naye atakuwa wa asili.

TOROLI: Mwalimu! Umeongea! Chukua yai, nalipa mimi.

MBUZI: Ngoja kwanza, sijafika kwako.

BIRIKA: Mimi naona tusigombane. Kila mtu ale anachopenda. La muhimu ni kikombe cha chai ya nyumbani, ya maziwa, vijiko vyake vinne vya sukari...

MBUZI: Vinne?

BIRIKA: Vitano akiwa mgeni.

MBUZI: Mama Chai, majani hayo yalipandwa Limuru mara ya kwanza mwaka 1903. Maziwa na sukari ndani yake mlifundishwa na Mwingereza. Sikatai, chai ni tamu. Ila mkiwa mnamlaani kijana kwa kuiga wazungu, tueni vikombe kwanza.

SUFURIA: Tusikwepe. Kijana anakula smokie asubuhi, smokie jioni. Ugali hataki. Mboga anazitoa kwenye sahani kwa ncha ya kijiko, anaziweka kando. Kijana gani huyo?

TOROLI: Mimi nina kachumbari.

MBUZI: Una vipande vitatu vya nyanya, na kitunguu kinachohudhuria kwa heshima tu. Sikia, mwanangu. Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za kusindikwa, kama hizo smokie zako, katika kundi la vitu ambavyo ushahidi umethibitisha vinaleta saratani. Tumbaku nayo iko kundi hilohilo. Hawakusema hatari yake inalingana na ya sigara, walisema ushahidi umetosha. Kwa hiyo ukila moja leo hutakufa leo. Lakini usiniambie ni kiamshakinywa.

TOROLI: Na mayai?

MBUZI: Mayai ndiyo kitu cha maana kuliko vyote ulivyobeba, na ndiyo unayoyazika kwa chumvi.

SUFURIA: (akicheka mpaka kifuniko kinatetemeka) Si nilisema!

MBUZI: Usicheke, Mama Githeri. Mwaka 2004, hasa kule Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu, aflatoksini, iliyokuwa ndani ya mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hayakuwa ya kigeni. Chakula cha nyumbani kikitunzwa vibaya hakijali kwamba wewe ni mwenyeji.

(Kimya. Mzee amekopeshwa githeri. Birika anafoka kidogo, anatulizwa kwa maji baridi.)

BIRIKA: Basi wewe unakula nini, unayejua kila kitu?

MBUZI: Mimi? Mimi nimekuja kushukuru. Huruma yote inanilisha, na inanilisha vizuri kuliko inavyojilisha. Mnamenya kiazi, ganda naletewa. Mnakata karoti, majani yake ni yangu. Mnachuma terere, mnasema limekomaa, mnanitupia. Lakini zawadi kubwa ni pumba.

TOROLI: Pumba ni nini cha kushukuru?

MBUZI: Mahindi yakifika kiwandani yanakobolewa. Ganda linatoka, kiini kinatoka. Humo ndimo zinamokaa nyuzinyuzi, mafuta mazuri, madini ya chuma na vitamini za kundi B. Wanga mweupe mnabaki nao nyinyi, kwa sababu ugali mweupe unapendeza mezani. Pumba inauzwa kwa mifugo. Sisi tunanawiri, nyinyi mnafunga choo. Kisha mwaka 2012 serikali ikatoa sheria kwamba unga wa pakiti lazima urudishiwe chuma, zinki na vitamini.

TOROLI: Yaani wanatoa halafu wanarudisha?

MBUZI: Wanatoa, wananiuzia mimi. Wanarudisha, wanawauzia nyinyi. Na nyuzinyuzi hawarudishi, hizo tayari nimekula.

SUFURIA: Lakini unga wa kusagisha upo! Pale kwenye kona, mashine inalia mchana kutwa, na bei ni nafuu.

MBUZI: Upo. Nani anaununua? Mama mwenye nyumba ya juu anamtuma mtoto usiku ili majirani wasione. Ukipika ugali wenye rangi, mgeni anauliza kama mambo yameharibika.

BIRIKA: Hilo ni kweli. Na managu pia. Mtoto akiulizwa shuleni wamekula nini, hasemi managu.

MBUZI: Desemba 2021 UNESCO iliusifu mpango wa Kenya wa kuokoa vyakula vya jadi, ikauandika katika rejista yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Dunia nzima ikasikia kuhusu managu, saga, mrenda na kunde. Huruma hazikuandikwa popote, isipokuwa kwenye hesabu ya siku ambazo nyama imekosekana. Kuna profesa wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, Mary Abukutsa-Onyango, ambaye utotoni maziwa, mayai na nyama vilimdhuru, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Akakua, akazifanyia utafiti maisha yake yote. Nyinyi mtoto akidhurika na nyama mngemfanyia maombi.

TOROLI: Sasa mwalimu, na mimi nisikilizwe. Shosho anasema vijana hawapiki. Wapike wapi? Chumba ni futi kumi kwa kumi, kitanda, pazia, jiko. Maharagwe makavu yanataka saa mbili, tatu motoni. Makaa ni pesa. Mwaka 2018 kodi ya mafuta taa ilipandishwa, eti watu wasiyachanganye na dizeli. Julai 2021 gesi ikawekewa ushuru wa asilimia 16, ukaja kuondolewa 2023. Kijana ametoka kubeba mizigo Industrial Area saa kumi na moja, ameshuka kwa miguu. Mimi namhudumia kwa dakika moja, amesimama, bila kuosha sahani. Mnaniita adui. Mimi ndimi jiko lake!

MBUZI: Hapo umesema kweli, na nakuinamia.

TOROLI: Asante.

MBUZI: Nimekuinamia nikaona mguu wako umeshika kutu. Lakini hoja ni safi. Anayehubiri chakula bora bila kuuliza bei ya moto, anahubiria ukuta. Ndiyo maana Mama Githeri ana thamani: akichemsha sufuria moja, watu arobaini hawachomi makaa majumbani mwao.

SUFURIA: (kwa sauti ya chini) Leo ni watu kumi na wawili.

MBUZI: Kwa sababu unawakaribisha kwa matusi. Mteja anakuja kula, wewe unamsomea historia.

BIRIKA: Lakini watoto wa leo wanaugua sukari, presha... Sisi hatukuwa hivyo.

MBUZI: Nyinyi hamkupimwa. Na msilie tu kwa unene. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2015 wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 94 ya watu wazima hawafikishi matunda na mboga zinazopendekezwa kwa siku. Asilimia 94! Hapo hakuna kijana wala mzee. Hapo mko pamoja, shosho, mathe na kijana, mnasukumana kwenye mlango mmoja.

TOROLI: Kwa hiyo tuwatume semina.

MBUZI: Usinitajie semina. Nilipita nyuma ya ukumbi mmoja wakifundishwa lishe bora. Saa nne, chai ya sukari, mandazi mawili na soseji. Mwezeshaji akasema wapunguze mafuta, akaomba andazi la tatu. Saa saba chakula cha mchana: wali, chapati, viazi vya kukaanga, na kipande cha ugali cha kushikilia. Kabichi zilikuwa nyuzi tatu. Nazijua kwa sababu zilirudi, nikazila mimi. Soda mbili kila mtu, moja ya mezani, moja ya kupeleka nyumbani. Saa kumi wakakata keki ya kuaga. Wakapewa vyeti vya lishe, wakapigwa picha, na walipokuwa wanapanda ngazi za basi wawili wakashindwa kupumua. Vyeti viwili vilianguka. Nilivila pia. Ndivyo vilivyokuwa na nyuzinyuzi nyingi zaidi siku hiyo.

SUFURIA: Unatia chumvi.

MBUZI: Chumvi alitia mpishi.

TOROLI: Na huku kuna kitu kinaniuma, niseme tu. Tangu kaunti ianzishe Dishi na County mwaka 2023, mtoto wa shule ya msingi anagusisha bangili, analipa shilingi tano, anapata chakula cha moto. Saa sita mchana sioni mtoto. Wameniua kibiashara.

MBUZI: Hiyo ndiyo habari njema ya kwanza iliyotoka mdomoni mwako. Rais Moi alipoleta maziwa ya Nyayo mwaka 1979, pakiti za pembe tatu, watoto walikimbia shule. Hakuna aliyewahubiria kalsiamu. Weka chakula kizuri karibu, kwa bei ndogo, kikiwa cha moto. Mtoto hana itikadi.

BIRIKA: Kumbe kosa si la mtoto.

MBUZI: Mtoto amelitoa wapi? Nisikilizeni sasa, na wale mnaosikiliza kwenye roshani mkianua nguo, msijifiche. Ni nani aliyefundisha kwamba soda ni ya mgeni na maji ni ya mwenyeji? Ni wewe, Mama Chai, na kizazi chako. Chupa ya nusu lita ina sukari inayozidi vijiko kumi, na mnamtuma mtoto mbio dukani kuonyesha heshima. Mtoto akifaulu mtihani, chipsi na kuku. Akifeli, "utakula sukuma wiki mpaka ukome!" Mboga mmeifanya adhabu, sukari mmeifanya tuzo, halafu mnashangaa kwamba amekua akikimbia adhabu.

SUFURIA: Mimi sikuwahi...

MBUZI: Wewe mwezi wa Desemba! Mnapanda basi kwenda ushago kumwona nyanya. Mnabeba nini? Mkate mweupe, sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia ya mkebe. Mnarudi na nini? Nduma, viazi vitamu, ndizi, maparachichi, kuku aliyefungwa miguu. Nyanya anawapa uhai, nyinyi mnamwachia kisukari kwenye mfuko wa zawadi. Mwaka unaofuata mnachangishana kwenye simu za kumpeleka kliniki, na hapo hapo mnamlaumu Toroli! Toroli hajawahi kufika ushago. Gurudumu lake halivuki barabara ya Outering.

TOROLI: Ni kweli, ni bovu.

MBUZI: Nawe usijifurahishe. Njaa ya mtu si ruhusa ya kumuuzia chochote. Una maji ya moto, una foleni, una imani ya vijana. Ungechemsha viazi vitamu pembeni mwa mayai, ungekatia ndizi, parachichi, kachumbari ya kujaza kiganja. Wangekula, kwa sababu wanakula kwako, si kwa sababu ya daktari. Unakataa kwa nini?

TOROLI: Watu watasema nimefilisika, nauza chakula cha shosho.

MBUZI: Umesikia, Mama Githeri? Aibu. Bei inauma, kodi inauma, hilo serikali ijibu na isijifiche nyuma ya semina. Lakini aibu hamkutozwa na mtu. Mmeilima wenyewe, mkaivuna, mkawalisha watoto. Mboga zilezile zikiwekwa kwenye sahani nyeupe Westlands, mnapiga picha na kulipa mara tano.

BIRIKA: Sasa tuanzie wapi? Sema jambo moja tu, sukari yangu imepanda.

MBUZI: Anzieni na mgeni. Jumapili akija, msimtume mtoto soda. Mpakulieni ugali wa kusagisha na managu ya maziwa, mbele ya kila mtu, na msiombe radhi. Kisha mumwangalie usoni. Akikasirika, mmejua ugonjwa uko wapi.

TOROLI: Na asipokasirika?

MBUZI: Mwongezeni.