Dada wa Kwenye Simu na Reli ya Mjerumani

Dereva alikuwa na miaka 22 barabarani. Mimi nilikuwa na bando la GB 1. Kati yetu wawili, aliyejipa cheo cha mtaalamu wa njia ni mimi.

Tulikuwa tumetoka Kilosa na Fuso iliyopakia magunia 80 ya mahindi ya mama mkubwa, tunaelekea Morogoro mjini. Mbele tulikaa watatu: dereva, mtu mzima wa maneno machache na kofia ya kijani ya Yanga, utingo wake, kijana wa Simba aliyevaa jezi nyekundu ambayo nadhani alizaliwa nayo, na mimi mwenye mzigo, niliyeketi dirishani na simu mkononi kama rubani msaidizi. Ndani ya simu alikuwemo wa nne, dada mmoja mwenye sauti ya upole ambaye tangu nimfahamu hajawahi kusema "sijui".

"Mzee," nikamwambia dereva, "simu inasema kuna mkato. Ukikata kulia pale kwenye mkonge tunaokoa dakika 11."

"Hii njia naijua, bosi. Inazunguka, lakini inafika."

"Dakika 11, mzee."

Naomba uzishike hizo dakika 11, tutazihesabu mwishoni. Dereva aliniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyekuja na jina la dawa anayoitaka. Lakini mwenye mzigo ndiye mwenye pesa ya dizeli. Akakata kulia.

Kusema kweli simu haikutunga. Barabara ilikuwepo. Mashamba ya mkonge ya upande wa Kimamba yana njia zilizonyooka kama mistari ya daftari, na anayezitazama kutoka juu lazima azipende. Ubaya wa kutazama kutoka juu ni kwamba makorongo hayaonekani. Kilomita ya kwanza ilikuwa njia. Ya pili ilikuwa kumbukumbu ya njia. Kwenye ya tatu utingo akauliza, kwa heshima zote, "Bosi, mbona nyayo ni za ng'ombe tu?"

"Alipopita ng'ombe, gari litashindwaje?"

Naambiwa jibu langu hilo sasa ni kichekesho cha kudumu kwenye maegesho ya malori mjini Morogoro.

Mbele ikatokea reli. Hapakuwa na geti, wala ule msalaba wa alama ya reli, wala kibanda cha mlinzi, kwa sababu hapakuwa kivuko. Palikuwa mahali ambapo watu, mbuzi na baiskeli wamezoea kuvukia, na kwenye ramani mazoea yao yamechorwa kama barabara. Reli yenyewe, hii ya Mjerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, kwenye simu yangu ilikuwa kamstari kembamba ka kijivu, kama unywele ulioanguka kwenye sahani.

Dereva akasimama, akazima injini, akateremsha kioo, akatazama huku na huku, akasikiliza. Kimya. Kisha akanitazama mimi.

"Bosi, hapa wanapita mbuzi."

"Nyoosha," dada akasema kwa Kiingereza chake cha puani.

Nikamwonyesha dereva skrini, kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja. Akashusha pumzi, akawasha gari. Tairi za mbele zikapanda, zikavuka. Za nyuma zikafika kwenye kokoto, zikajichimbia, gari likalala upande kidogo kama mzee anayetafuta mkao mzuri kitini, na difu ikatua juu ya chuma. Dereva akakanyaga mafuta. Kokoto zikaruka. Gari halikuruka.

"Endelea mbele," dada akasema. Akanyamaza kidogo, akarudia vilevile, bila kupandisha sauti: "Endelea mbele."

Tangu siku ile nimejisomea habari zake, nikaona kwamba tumemsingizia ujuzi asio nao. Tunadhani setilaiti zinatuona. Hazioni kitu. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,000, na kazi yake ni kutangaza ni saa ngapi na zenyewe ziko wapi, basi. Simu husikiliza angalau nne, ikapiga hesabu ya muda ambao mawimbi yametumia njiani, ikajua ulipo. Njia ya kukupitisha ni kazi ya ramani, na ramani ya simu hizi zetu hukupangia safari kana kwamba unaendesha gari dogo. Haikuulizi kimo, haikuulizi uzito, wala difu yako iko umbali gani kutoka chini. Kwa hiyo pale relini nilikuwa na chombo kinachoijua saa kwa usahihi wa ajabu, isipokuwa saa ya treni.

Aliyeijua saa ya treni alikuwa ameketi chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka tulipokwama, na sinia la karanga mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekwama."

"Mama, treni inapita saa ngapi hapa?"

"Ya abiria leo si siku yake. Ya mizigo haina saa, ina tabia. Jana haikupita, kwa hiyo leo haikosi."

Hapo dereva, ambaye tangu asubuhi alikuwa abiria wa gari lake mwenyewe, akawa dereva tena. Utingo achukue bodaboda hadi stesheni, amwambie mkuu wa stesheni kuna gari relini. Yeye dereva atembee na reli upande mmoja, mimi upande wa pili, kila mtu na kitambaa chekundu, si chini ya kilomita moja.

"Kilomita nzima, mzee?"

"Treni yenye mzigo haisimami kama bajaji. Chuma juu ya chuma kinateleza, na yenyewe haina pa kukwepea. Ikishaliona gari, imechelewa. Inatakiwa ikuone wewe kwanza."

Kitambaa chekundu kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimevaliwa. Macho yetu yote yakatua kifuani kwa utingo.

"Hii, mzee?" akauliza, akitabasamu tabasamu la mtu aliyengoja siku hii maisha yake yote.

"Ivue."

Dereva akaipokea jezi ya Simba kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. "Ole wako umwambie mtu."

"Nitamwambia kila mtu, mzee," utingo akasema, naye tayari yuko juu ya bodaboda, kifua wazi, anapotelea kwenye mkonge.

Mama wa karanga akainuka polepole, akavua kanga ya mabegani, nyekundu iliyokolea. Dereva akanyoosha mkono aipokee, pengine akitumaini kubadilishana na ile jezi. Mama akaupita mkono wake. "Hii ya huyu mwenye simu," akasema.

Nikatembea juu ya mataruma hadi pumzi ikaniishia, nikasimama peke yangu na kanga, jua la saa saba utosini. Nikajifariji kwa niliyowahi kusoma: huko Uingereza, kampuni ya reli ya Network Rail huhesabu zaidi ya mara elfu moja kila mwaka ambapo malori na magari mengine marefu hugonga madaraja ya reli, na wapo madereva wasiojua hata kimo cha magari yao. Wazungu na barabara zao zote! Kisha nikakumbuka Oxnard, California. Mwaka 2015, kabla hakujapambazuka, dereva wa pikapu yenye trela alikuwa akifuata maelekezo ya simu, akakata kona mapema mno, akaingia relini badala ya barabarani. Yeye aliwahi kutoka. Treni ya abiria ikaja ikaligonga gari, watu wengi wakajeruhiwa, na mwendesha treni akafariki siku chache baadaye. Mwaka uliofuata bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ikazitaka kampuni zinazotengeneza ramani hizo ziweke vivuko vya reli na kuwaonya madereva. Faraja yangu ikaishia hapo. Nikaikunjua kanga yote, nikainyanyua juu kabisa.

Waliojenga reli mpya ya SGR walilijua mapema jambo hili la magari kuingia relini. Wameizungushia uzio, na barabara wamezipitisha juu au chini yake. Hawakutaka kubishana na watu kama mimi.

Saa moja ikapita. Bando lilikuwa limekwisha, na porini hapakuwa na cha kusoma. Nikaisoma kanga. Juu kidogo ya pindo la chini, kwa herufi kubwa, jina lake lilikuwa: NJIA YA MWONGO NI FUPI.

Nikageuka kutazama mwembe. Kwa umbali ule nisingeweza kumwona mama vizuri, lakini nina hakika alikuwa akitafuna karanga.

Utingo alirejea juu ya trekta la shamba, amesimama nyuma ya dereva wake kama mgombea ubunge. Mkuu wa stesheni alikuwa ameizuia treni ya mizigo, ambayo kweli ilikuwa njiani. Mwenye trekta akatazama gari, akatazama reli, akatazama saa, akataja bei: shilingi 100,000. Nilijaribu kulalamika. Mama wa karanga akaniuliza kama ningependa kupatana na treni yenyewe. Nikalipa.

Mnyororo ukafungwa, trekta likaguna, difu ikakwaruza chuma kwa mlio ulionipita mifupani, na Fuso ikatoka. Dereva na mwenye trekta wakaikagua reli, wakarudisha kokoto kwa koleo, utingo akapeleka taarifa. Baadaye kidogo treni ikapita taratibu, behewa baada ya behewa. Mwendesha treni akatutazama mmoja mmoja, akapiga honi ndefu. Lugha ya honi siijui, lakini ile niliielewa.

Nikamrudishia mama kanga yake, nikanunua karanga zote zilizobaki. "Mlikuwa mnakwenda wapi?" akauliza. Mazungumzo hayo mimi ndiye niliyepaswa kuyaanza, na mtu yeyote, tangu Kilosa. Nikamwambia Morogoro. "Sasa si mrudi lami? Inazunguka, lakini inafika."

Dereva hakucheka. Utingo alicheka kwa niaba yao wote wawili. Hesabu yangu ikasimama hivi: dakika 11 za kuokoa, saa nne za kulipia, shilingi 100,000, na sinia zima la karanga.

Tulipofika tena ule mchepuko wa mkonge, dereva akasimamisha gari. Akachukua panga, akakata matawi mabichi, akayalaza katikati ya njia, kama tufanyavyo gari linapoharibika barabarani. Kila dereva wa nchi hii akiona majani hayo anajua: punguza mwendo, mbele kuna jambo.

"Mzee," utingo akauliza, "na mwenye simu je? Ataona majani?"

Dereva akafuta panga kwenye suruali, akaingia garini.

"Akiinua uso," akasema, akawasha gari.