Posta ya Ukutani: Shajara ya Chamazi

Jumamosi, 1 Februari

Nimestaafu miezi saba sasa, na kila kinachopakika rangi hapa nyumbani nimeshakipaka. Asubuhi nimesimama getini nikakitazama kibao cha namba ya nyumba, kile kilichopigiliwa mwaka 2022 wakati wa Operesheni Anwani za Makazi, kabla ya sensa. Namba ipo. Jina la mtaa lipo. Nguzo yake imelala chini, lakini jina lipo. Postikodi ipo, inaanza na 15 kama ya watu wote wa Temeke. Kinachokosekana ni mahali pa kutumbukizia barua.

Nimemweleza mke wangu. Ameuliza, "Barua ipi?" Nimemwambia hilo tutalijadili baadaye.

Jumatatu, 3 Februari

Nimekwenda Gerezani kwa mafundi wa mabati. Pale unapata jiko, karai, birika, sufuria ya kupikia watu mia mbili. Nimemweleza fundi kwamba nataka sanduku la shaba la kutundika ukutani.

"La maoni au la sadaka?"

"La barua."

Ameweka nyundo chini akawaita wenzake wawili waje wasikie.

Shaba yenyewe ilikuwa tangi la kuchemshia maji, limeng'olewa kwenye nyumba ya zamani huko Oysterbay. Pale hawasemi shaba, wanasema kopa. Ukitaja shaba tu unaweza kuletewa ile ya njano. Ameichana, akaitia moto mpaka ikawa nyekundu, akaichovya ndoo ya maji. Nikamwambia sasa umeiharibu, imekuwa ngumu. Akanipa niikunje. Imekunjika kama chapati. Kumbe chuma cha pua ndicho hugeuka kigumu kikichovywa. Kopa hulainika, ndipo mtu akaigonga atakavyo.

Nimefundisha jiografia miaka 34. Nimewachosha watoto na Ukanda wa Shaba wa Zambia na kilomita 1,860 za TAZARA kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam. Malori ya shaba yanakwenda bandarini, na wakati mwingine daladala langu husimama nyuma yao kwenye foleni. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeshika kipande cha shaba mkononi.

Jumamosi, 8 Februari

Sanduku limekamilika. Lina kifuniko cha mteremko, ribiti 24 (nimezihesabu kwenye gari), kijidirisha cha barua na mlango mdogo wa kufuli. Uso wake wote una alama za nyundo, kila moja kama ukucha wa mtoto. Ni zuri kuliko geti litakaloning'inia pembeni yake, na hilo limeanza kunisumbua.

Fundi ameniusia nitumie skrubu za shaba ya njano, nisitumie za chuma. Nimemwambia sawa.

Kwenye daladala konda ameniuliza kama ni betri ya sola. Mama wa kiti cha nyuma ameniuliza natokea kanisa gani.

Jumapili, 9 Februari

Duka la vifaa hapa mtaani lina skrubu za chuma tu. Nimetumia za chuma.

Nimekosea tundu la kwanza, na la pili, na la tatu. Matundu matatu ya makosa nimeyaziba kwa dawa ya meno nyeupe, maana ukuta ni mweupe. Saa kumi jioni sanduku lilikuwa limetundikwa. Mjukuu amelitumbukizia kokwa la embe. Huo ndio ufunguzi rasmi.

Jumanne, 11 Februari

Nimefungua saa moja asubuhi. Kuna sarafu ya shilingi 200.

Nimeiweka kwenye kisosi juu ya kabati, mwenyewe akija tumrudishie.

Alhamisi, 13 Februari

Barua ya kwanza! Ni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, bila jina. Nainakili yote: "Mwenyekiti, taa ya njia panda haiwaki tangu Krismasi. Pia mbwa."

Nimeipeleka serikali ya mtaa. Mwenyekiti ameisoma, akaigeuza upande wa pili, akaniuliza nani amenipa kibali cha kufungua ofisi. Nimemweleza kwamba ni sanduku langu la barua. Akauliza barua ipi. Huyu na mke wangu hawajawahi kuonana.

Jumamosi, 15 Februari

Shaba hupitisha joto upesi. Nilikuwa nikiliandika hilo ubaoni kila mwaka, na chini yake orodha ya metali nyingine. Saa saba mchana nimelishika sanduku kwa kiganja kizima. Lengelenge ni moja, la ukubwa wa sarafu ile ya kwenye kisosi.

Jumatatu, 17 Februari

Amepita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Hakutangaza kama kawaida. Amesimama kimya mbele ya sanduku kama mtu aliyekutana na shemeji yake ugenini.

"Mzee, hii ni kopa."

"Ndiyo."

"Yote?"

Akalikadiria kwa macho: kilo mbili na nusu. Bei aliyonitajia siiandiki, kwa sababu mke wangu huisoma shajara hii. Amesema yeye hawezi kuiba, ila wapo wanaoweza. Akaniachia namba ya simu. Karatasi yenyewe ameitumbukiza sandukuni, jambo ambalo kwa kweli nimelifurahia.

Kuanzia leo sanduku litalala ndani. Naliangika asubuhi kwenye vichwa vya skrubu, naliangua magharibi. Jioni mke wangu ameniona nalipitisha sebuleni, akauliza, "Posta wamefunga?"

Ijumaa, 21 Februari

Wiki hii zimeingia kadi nne za michango: harusi mbili, sendofu moja, kicheni pati moja ambayo imeandikwa jina la mke wangu lakini kiasi kimewekwa penseli upande wangu.

Hapa lazima nieleze, maana ndilo kosa kubwa la mradi mzima. Kwetu kadi ya mchango huletwa kwa mkono. Anayeleta anabisha hodi, na aliye ndani ana haki zake: anaweza kuwa hayupo, amelala, ana wageni, au kadi imeachwa kwa mtoto na mtoto amesahau. Mtaa mzima unaishi kwa utaratibu huo na hakuna anayeitwa mwongo. Mimi nimechukua fedha zangu nikajitengenezea, kwa ribiti 24, mahali ambapo kadi haiwezi kupotea. Mweka hazina wa kamati moja ameniambia kwa heshima zote, "Mzee, yako tuliitia sandukuni, na tukapiga picha."

Singo elfu hamsini, dabo laki moja.

Jumatano, 26 Februari

Nimeufungia ufunguo ndani ya sanduku. Mjukuu ameingiza mkono kwenye kijidirisha, akautoa, akaenda zake kucheza. Haikuchukua hata dakika. Sasa najua jinsi ufunguo ule ulivyo wa lazima.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimekuta ndani maji ya kina cha vidole viwili na kadi ya mchango iliyogeuka uji. Jina halisomeki, kiasi hakisomeki. Nimeianika juani kwa uangalifu mkubwa, kisha nikaisahau nje mvua ya pili ilipokuja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoboa matundu mawili chini ya sanduku ili maji yatoke.

Jumamosi, 15 Machi

Kwenye matundu mawili ya chini wanaingia siafu.

Jumatatu, 24 Machi

Shaba imeanza kugeuka. Pembeni imekuwa kahawia, na chini ya kifuniko imeota kijani. Mke wangu ameleta ndimu na chumvi bila kuulizwa chochote. Bibi yake alikuwa akilisafisha dele la kahawa kwa majivu na ukwaju. Katika robo saa sanduku limeng'aa kama siku ile ya Gerezani. Maji ya ndimu yametiririka ukutani na michirizi ya kijani ndani yake. Kwenye skrubu za chuma nako inashuka michirizi ya kutu. Ukuta mweupe, kijani katikati, kahawia kushoto na kulia: bendera ya nchi ambayo siijui.

Nimempigia fundi simu. Amesema, "Umetumia za chuma." Hakuwa anauliza.

Jumamosi, 29 Machi

Bodaboda ameleta mfuko wa saruji. Kapiga simu kutoka barabarani: "Mzee, uko karibu na nini?"

Nimeona wakati umefika. Nimemtajia namba ya nyumba, jina la mtaa na postikodi, tarakimu zote tano, polepole, kama naisoma hotuba. Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Sawa mzee, lakini uko karibu na nini?"

Nikasema hapa getini pana sanduku la shaba.

"Aaa! Nyumba ya posta! Si ungesema?"

Amefika baada ya dakika mbili.

Jumanne, 8 Aprili

Jirani wa geti jeusi amekuja na malalamiko. Wageni wake kutoka Morogoro waliambiwa washuke, waingie kulia, wahesabu nyumba mbili kutoka kwenye sanduku. Wamefika saa mbili usiku. Sanduku lilikuwa chumbani kwangu, chini ya kitanda. Wageni wamezunguka mpaka saa nne, na mbwa wamewafukuza mara mbili.

"Ukiamua kuweka kitu cha umma," amesema, "usikiondoe ovyo."

Nimeomba radhi. Namba ya nyumba yake iko getini kwake, imeandikwa kwa tarakimu kubwa kuliko zangu, lakini sikuona faida ya kuitaja.

Jumapili, 13 Aprili

Binti yetu aliyeko Leicester amepiga simu. Tangu Februari nimemwagiza atume kadi kwa posta, aandike namba ya nyumba, mtaa na postikodi tu, basi. Huko kwao mtu wa posta anafika mlangoni, barua inaanguka ndani, mbwa anabweka. Nilimweleza kwamba na sisi tumefikia hapo, mbwa tayari tunao. Anasema kadi ameituma zamani.

Mimi nimekulia kwenye S.L.P. Shule ya bweni, mwalimu wa zamu alisoma majina mstarini siku barua zilipokuja, na asiyeitwa alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Nusu ya ukoo wetu ilitumia sanduku moja la misheni. Wale watuma salamu wa Radio Tanzania walijulikana kwa jina na S.L.P. yao kama wengine wanavyojulikana kwa jina la baba. Barua haikumfuata mtu nyumbani, mtu ndiye aliyeifuata. Siku hizi umeme wenyewe unakuja kwenye simu, tarakimu 20, na Posta ukitaka wanaigeuza namba yako ya simu kuwa sanduku. Mwanangu wa kiume alinieleza haya yote mapema. Nilikuwa nachagua ukubwa wa kufuli, sikumsikiliza.

Alhamisi, 17 Aprili

Mhazili wa shule nilikostaafu amepiga simu. Kuna kadi yangu kwenye sanduku la shule, imetoka Uingereza.

Nimepanda magari mawili kwenda kuichukua. Juu ya bahasha binti ameandika namba ya nyumba, mtaa, postikodi, kisha chini kabisa, kwa mwandiko mdogo zaidi, S.L.P. ya shule. Nimempigia kumuuliza kwa nini. "Mama alisema niweke na hiyo, tusije tukaipoteza."

Mke wangu amekaa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

Kadi ina picha ya kanisa na theluji. Ndani ameandika: "Baba, nitumie picha ya sanduku."

Ijumaa, 18 Aprili

Nimelipiga sanduku picha kutoka pande nne, upande wa bendera nikauacha. Nimemtumia kwa WhatsApp. Amejibu kwa mioyo mitatu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Skrubu ya kushoto imekatika kwa kutu na sanduku limening'inia upande. Kwa bahati sikuwa mbali, nilikuwa nimeketi chini yake. Nimelifunga kwa waya mpaka nitakapopata skrubu za shaba ya njano. Mwenyekiti wa mtaa amepita akanishauri nilijengee kwa zege, lisitoke tena usiku, watu wanapotea. Nimemuuliza kuhusu kibali. Amesema kibali si tatizo.

Sarafu ya shilingi 200 bado iko kwenye kisosi.

Jumatatu, 28 Aprili

Asubuhi nimekuta karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Mwandiko ni ule ule.

"Taa imewaka. Mbwa bado."